Nafasi Moja Masjala

Malaika alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akalichomeka faili la mzee wa kisukari kwenye rafu ya sabini na nne. Mahali pake palikuwa arobaini na saba.

Masjala ya hospitali ile ilikuwa na mafaili laki moja na ushee, kutoka sakafuni hadi darini, yamepangwa kwa tarakimu mbili za mwisho. Faili likikosea rafu, kulipata tena ni kudra.

Jina la Malaika alipewa na makarani kwa jinsi alivyokuwa mpole. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo walikuwa wawili, nafasi ya ajira moja. Mwenzake, kijana aliyeitwa Miwani, alikuwa na kasoro moja tu: alikuwa hodari. Basi kila asubuhi Malaika aliupunguza uhodari huo kwa mafaili mawili, aliyoyatoa pale pale Miwani alipoyapanga.

"Faili la kisukari liko wapi?" alifoka mkuu wa masjala, mama mwenye funguo tele kiunoni, ambaye akiwa hayupo aliitwa Kufuli.

"Nililipanga mwenyewe jana, Mama," alijibu Miwani.

"Basi limeota miguu."

Bila faili daktari hamwoni mtu. Mzee alikaa dirishani tangu asubuhi hadi saa tisa, akaambiwa arudi wiki ijayo.

"Pole, babu," Malaika alimwambia kwa sauti ya asali. Akampa hata kiti.

Wiki iliyofuata alikuja mwanawe, peke yake, kuulizia cheti cha kifo. Malaika akampa pole naye. Pole haikuwa na upungufu.

Miwani akaanza kubaki kila jioni baada ya kazi, akikagua rafu moja baada ya nyingine. Malaika naye akabaki, "kumsaidia." Kila rafu Miwani alipoimaliza, Malaika alimfuata nyuma kwa adabu zote, akahamishia huko mafaili aliyoyaficha. Yule anakwenda mbele, haya yanakwenda nyuma. Hawakukutana hata siku moja.

Alhamisi moja Miwani alitokeza na utando wa buibui kichwani, amekumbatia faili.

"Mama! La yule dada wa mapacha, linalotafutwa tangu mwaka juzi! Lilikuwa nyuma kabisa ya rafu!"

Kufuli alilipokea, akalitazama, akalifungia kabatini kwake. Hata ahsante hakusema. Wiki ile ile Miwani aliibua mengine matatu ya zamani, na kila moja lilimkunja Kufuli uso kama aliyeng'ata ndimu.

"Mama kakuchoka, kaka," Malaika alimnong'oneza. "Jitahidi zaidi."

Ijumaa ya mwisho Miwani aliitwa kwanza. Alitoka na fomu ya tathmini mkononi: HAFAI. Machozi yalikuwa yameshaifikia.

"Dada, nimekosea wapi?"

"Mungu ana makusudi yake," alisema Malaika, akarekebisha kola, akaingia.

Kufuli alifunga mlango kwa ufunguo. "Nilikuwa nakuona," alisema. "Kila jioni. Rafu alizokwisha kuzikagua."

Malaika aliona chuo, cheti na ajira vikitoka dirishani pamoja. "Mama, nisamehe. Shetani tu."

"Miaka ishirini nipo hapa, sijaona mkono kama huo."

"Sitarudia, Mama, naapa."

Kufuli aliisaini barua ya ajira, akaiweka juu ya faili jipya, akamsukumia vyote viwili.

"Mtoto wa miaka sita. Alitolewa tonsili jana, hakuamka, na wazazi wake wapo dirishani na wakili," alisema. "Mwenzako anajua kutafuta tu; hili, mwanangu, daktari anataka lisionekane hadi siku ya kiama."