Zoezi la Mwisho la Marehemu

Mhadhiri alikuwa ametangazwa kufariki tangu asubuhi, na sasa alikuwa ofisini kwake anamenya chungwa, simu ikiwa mezani.

Tangazo aliliandika mwenyewe, akaliweka kwenye ukurasa wa darasa. Lilikuwa zoezi la mwisho la somo lake la uandishi wa habari mitandaoni: nani atahakiki kabla ya kusambaza? Mkewe, aliyeambiwa mapema, alisema tu, "Mume wangu, unajichulia." Mkuu wa chuo alisema neno zito zaidi: "Nionyeshe mwanafunzi mmoja tu aliyehakiki. Asipopatikana, darasa nampa mtu mwingine."

Ukurasa ulifurika rambirambi. Mmoja aliandika kwamba alimshika mkono hospitalini hadi pumzi ya mwisho. Mwingine, ambaye hajawahi kukanyaga darasani, alimwita baba yake wa pili. Wote walisambaza. Namba ya mhadhiri ilikuwa pale pale juu ya ukurasa, na hakuna aliyeipiga.

Chungwa lilikuwa limekwisha simu ilipoita. Sauti ya mwanamke, tulivu.

"Samahani, naongea na nani?"

"Na marehemu."

Hakucheka. "Kwa hiyo uko hai. Una uhakika?"

"Kabisa, mwanangu."

"Huumwi popote?"

"Mzima kama chuma."

"Wala huna mpango wa kuhama?"

"Niende wapi? Darasa ni langu."

"Asante, mwalimu. Ngoja nitafute na chanzo cha pili."

Chanzo cha pili! Nusura mhadhiri alie. Alifuta mikono kwenye suruali, akashuka ngazi mbio, akaingia kwa mkuu bila kubisha hodi.

"Mkuu, nimempata! Kauliza kila kitu, na bado anatafuta chanzo cha pili!"

"Chanzo cha pili ni mimi," mkuu alisema, akiweka simu yake chini. "Ndiyo kwanza tumemaliza kuongea. Kusema kweli, uhakiki wa namna ile sijawahi kuuona hapa chuoni."

"Si nilikwambia? Mitandao inafundisha! Yuko mwaka wa ngapi?"

Mkuu alimvutia kiti.

"Kaa kwanza, ndugu yangu. Yule si mwanafunzi. Aliona umefariki, akataka uhakika kabla ya kuomba nafasi yako. Nimemwambia aanze Jumatatu."