Viatu vya Bibi Harusi

Kila msimu wa baleti ulipotangazwa, Badawi alikata tiketi mbili, na kabla pazia halijafunguliwa alimnong'oneza mkewe, Sikudhani, jinsi dansi itakavyoisha. Dansi ilikuwa ileile ya bibi harusi mtoro. Makundi ya wachezaji ndiyo yaliyoimaliza, kila moja kivyake.

“Wale wa mwaka jana walimzamisha mtoni,” alisema. “Hawa humrudisha kwa mumewe.”

“Kwani hawezi kwenda zake tu, Baba Rehema?” aliuliza Sikudhani.

“Aende wapi?”

Lakini safari hii bibi harusi hakuzama wala hakurudi. Muziki ulikatika. Aliketi ukingoni mwa jukwaa, akafungua tepe za viatu vyake, akavipanga pamoja kama mtu aliyefika mlangoni mwa msikiti. Kisha akashuka, akapita peku katikati ya watazamaji, akatokea mlango wa barabarani.

Ukumbi uliduwaa. Hakuna aliyepiga makofi.

“Umeona walivyoiharibu?” Badawi alifoka, macho yangali jukwaani. “Mwisho gani huu?”

Aligeuka. Kiti cha mkewe kilikuwa kitupu, na chini yake viatu vyeusi vilikuwa vimepangwa pamoja.

Aliinama akakigusa kimoja. Kilikuwa bado na joto.