Utando wa Kiganjani

Siku hizi mgonjwa akikataa vidonge, hakuna anayemkimbiza na sindano. Nesi humbandika ndugu wa mgonjwa utando unaong’aa wenye dawa kiganjani, naye humpa mgonjwa dawa hiyo kwa kumshika mkono. Mgonjwa haambiwi, ndiyo sheria.

Mume wangu, Makame, aliandikiwa dawa ya ubishi, akavitema vidonge vyote. Nikabandikwa mimi. Wiki ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni: mtu aliyebishana hata na redio sasa anasema, “Sawa, mke wangu.”

Mwezi ulipoisha nilimpa uji wa chumvi tupu makusudi, nipate angalau kelele. Akaumaliza.

“Mtamu?”

“Ukisema mtamu, ni mtamu.”

Asubuhi nikaenda zahanati kumwambia nesi sitaki tena, nirudishiwe mume wangu. Alinibandua utando bila kinyongo, akaandika kitu kwenye faili.

“Dada, kumbe na wewe mbishi?”

“Naomba tu,” nikamjibu.

Jioni ile ile mama yangu akapiga hodi, yeye asiyekanyaga kwangu tangu Idi. Aliketi, akanikwepa macho, akaninyooshea kiganja kinachong’aa.

“Njoo unisalimie, mwanangu.”

Nikaenda. Ni mama yangu.