Shaba ya Kitako

Shemeji yake Radostina, fundi wa mapaa, alikuwa ameagizia mnara wa kanisa shaba ya mita za mraba tisini na sita. Radostina, mwalimu mstaafu wa hesabu, alirudia kupiga hesabu. Paa ni piramidi, kitako chake mita sita kwa sita. Kila ubavu ni pembetatu yenye kimo cha mita tano. Mbavu nne, mita za mraba sitini tu.

Thelathini na sita zilizozidi ni za kitako.

“Shemeji, kitako kiko ndani. Unawaezekea popo?”

Fundi akaifunika karatasi ya agizo kwa mkono wenye ukucha uliopasuka.

“Punguza sauti. Dada’ko anapanda ngazi.”

Dadaye akatokea na kikapu cha mkate, anatabasamu.

Radostina akaichomoa karatasi, akamkabidhi.

“Hebu soma, dada.”