Watatu wa Kunyamazishwa

"Nani aliuanza uvumi huu?" Dobratz aliuliza kwa mara ya nne.

"Nimeshasema sikwambii," Lorna akajibu.

Dobratz, meneja wa kiwanda cha karatasi, alimkazia macho dada huyu mtaalamu wa hesabu aliyemwajiri mwenyewe aufuatilie uvumi. Jumanne, mji wao mdogo huko Wisconsin ungepiga kura: kiwanda kiendelee kutumia kijito, au basi. Na sasa kuna mnong'ono kwamba kinamwaga sumu humo, upande wa juu wa visima vya watu.

"Kweli mnamwaga?" Lorna aliuliza.

"Hiyo si hesabu yako. Wewe nizimie uvumi."

Wiki mbili Lorna alikuwa amepita mlango kwa mlango akiuliza: mjini kuna habari gani? Nani kakuambia? Nawe ulimwambia nani?

"Uvumi ni kama mafua, bosi. Aliyeuanza hana maana tena. Mwenye maana ni yule anayekutana na wengi. Na msimuliaji naye huchoka, akijibiwa mara mbili tatu, 'Ah, hilo tushasikia.'"

"Acha darasa. Nipe majina."

"Verna, anayemimina kahawa kanisani. Gladys wa posta. Na Butch, mji wote hula samaki kwake Ijumaa. Waendee leo, mmoja mmoja, uwaombe wasiseme neno kuhusu maji."

"Nitamtuma mtu."

"Watamcheka. Nenda mwenyewe."

Dobratz aliyaandika majina. "Ukinidanganya, Jumatano usikanyage hapa."

"Jumatano sikuwa na mpango wa kuja."

"Una mdomo wewe."

"Ninao. Na kesho Ijumaa, unachelewa."

Dobratz akabeba chupa tatu za brandi, akaondoka.

Kabla ya chakula cha mchana simu ya Lorna ililia. Alikuwa Verna.

"We Lorna, bosi wako katoka hapa sasa hivi, jasho linamtiririka. Kaniachia brandi, kanisihi nisimwambie mtu habari za maji. Maji gani?"

Saa saba akapiga Gladys. Saa nane, Butch. Wote na swali lilelile.

Lorna hakushangaa. Uvumi ulikuwa umekwama kantini ya kiwanda, ukijifia wenyewe, na katika mji mzima zaidi ya hao hakupata watu wengine watatu wenye marafiki wengi kiasi kile ambao walikuwa hawajasikia kitu.