Baka la Kisogoni

Siku hizi hospitali haziruhusiwi kugusa ugonjwa wa ngozi. Mgonjwa hutibiwa kwenye zahanati ya mtaa wake, na dawa haishiki mpaka ipakwe na kiganja cha mtu aliyeugua ugonjwa uleule akapona. Mtaa mzima wa Mkwajuni, kiganja cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, cha Mwatumu.

"Wifi yangu, nisitiri," Siwema alisema, akashusha kanga. Mgongo ulikuwa mabaka matupu.

Huyu ndiye dada wa mume wa Mwatumu, aliyemtengea Mwatumu kikombe cha bati alipougua, akakifunga uzi mwekundu ili asikosee mtu. Ndiye aliyemkataza kumpakata mwanawe mwenyewe, miaka minne mizima.

Mwatumu alimpaka taratibu. Mabaka yote yalififia isipokuwa moja, lililojificha kisogoni chini ya nywele, mahali Siwema asipoweza kupaona. Hilo Mwatumu hakuligusa hata siku moja, na kila wiki ugonjwa ulianzia hapo ukateremka upya.

"Mbona yanarudi, wifi?"

"Ngozi yako ina kiburi. Njoo tena Ijumaa."

Akammiminia chai kwenye kikombe kilekile cha bati. Siwema aliuona uzi, akainamisha kichwa, akanywa yote.

"Binti yangu naye limemtoka moja shingoni," alisema kwa sauti ndogo. "Ana miaka mitatu tu. Nimlete?"

"Mlete," Mwatumu alijibu, akafungua droo kutafuta uzi mwekundu mwingine.