Vitufe Vinne vya Mma Sebetlela

Jumatano asubuhi Mma Sebetlela aliwasha kompyuta akakuta vitufe vyake vimevurugwa tena.

Ni vile vitufe vinavyokaa chini kabisa ya skrini, kila dirisha na chake. Yeye alivipanga hivi: ramani ya mabomba kwanza, kisha malalamiko, kisha mafundi wa zamu, mwisho koki za kufungia. Na madirisha yenyewe yalikaa wazi yote manne, kila moja na robo yake ya skrini. Sasa yalikuwa yamerundikwa chini ya kitufe kimoja kama nguo chafu.

"Oteng!"

Oteng, fundi wa kompyuta kutoka makao makuu, alichungulia mlangoni na andazi mdomoni. Alikuwa ametimiza wiki moja katika ofisi ile ya maji ya Letsweng.

"Dumela, mma," alisalimia.

"Dumela ya nini? Umenifutia tena programu yangu ya kupanga vitufe."

"Si mimi, mma, ni agizo. Kompyuta zote za idara zifanane. Hiyo programu yako hakuna aliyeinunua."

"Kwani inauzwa? Kuna mtu huko aliko kaiandika, kaona inafaa, kaitoa bure. Wewe umewahi kutoa nini bure?"

Oteng alicheka, lakini hakurudi nyuma. "Halafu kuna jambo jingine. Jina lako silioni kwenye orodha ya watumiaji. Unaingia kwa jina la dawati."

"Dawati ni mimi."

"Lakini mma, orodha..."

"Orodha yako imetoboka. Kaizibe."

Ndivyo alivyokuwa. Langoni mlinzi alimfungulia bila kumuuliza kadi. Kila mwisho wa mwezi wenzake walipochomoka saa sita mchana kwenda benki, yeye alibaki na simu. Alilianza lile dawati la hitilafu enzi ramani ilipokuwa karatasi iliyobandikwa ukutani, na hakuna nyumba mjini isiyoijua sauti yake.

Saa nne kasorobo simu ililia. Ilikuwa wodi ya wazazi. Bomba kubwa limepasuka nyuma ya jengo, maji yanaingia chumba cha kujifungulia, na kuna kina mama wawili vitandani.

"Tulia, mwanangu. Ni upande wa jikoni au wa lango?"

Huku akiuliza, alibofya lile rundo. Yakaja malalamiko. Akabofya tena, wakaja mafundi. Ramani ikawafunika mafundi, koki zikaifunika ramani. Kila alichofungua kiliziba alichokuwa anakisoma. Kwenye simu alimsikia mtu akipiga kelele kwamba maji yamefika vifundoni.

Alitia mkono kwenye mkoba, akatoa flashi yenye programu yake, akaichomeka.

"Mma, usithubutu," Oteng alisema. "Nitaandika ripoti."

"Andika. Jina langu usilikosee."

Haikuchukua hata nusu dakika. Madirisha manne yakaruka kila moja mahali pake, kama ng'ombe wanaolijua zizi lao. Jicho moja likapita kwenye ramani, jingine kwenye koki: namba kumi na saba. Fundi wa karibu alikuwa Rra Mokgosi, mitaa miwili tu kutoka pale; akampigia.

"Kumi na saba, rra, nyuma ya duka la mbegu. Kimbia, usitembee!"

Baada ya dakika sita nesi alipiga kusema maji yameacha kuingia. Mma Sebetlela alijifuta jasho kwa kiganja. Oteng alikuwa bado anaandika.

Saa nane aliitwa kwa meneja. Rra Modisenyane alikuwa amehamia pale miezi miwili iliyopita, na majina ya watu bado yalikuwa yanampiga chenga. Mbele yake palikuwa na ripoti ya ukurasa mmoja na nusu.

"Ni kweli umeweka programu iliyokatazwa mara nne?"

"Tano."

"Hapa pameandikwa nne."

"Ya tano nimeiweka sasa hivi baada ya chakula. Alifuta tena."

Meneja alikuna shingo. "Iondoe mwenyewe, mma, tuyamalize. Nakuomba kwa heshima."

"Na mimi nakataa kwa heshima, rra. Mwite mtu kutoka makao makuu akupangie hii meza yako anavyotaka yeye, halafu uitafute kalamu huku nyumba inajaa maji. Nitaiweka kesho. Nitaiweka kesho kutwa. Nitaiweka mpaka vidole vyenu vichoke kufuta."

Oteng, aliyesimama karibu na kabati, alivitazama viatu vyake.

"Basi umejitakia," meneja alisema. Akainua simu, akamwita ofisa utumishi.

Mma Gaboipolelwe aliingia miwani ikiwa juu ya paji la uso. Alikuwa na miaka mingi katika ofisi ile.

"Mma, huyu muandikie barua ya kufukuzwa kazi. Leo hii."

Ofisa utumishi alimtazama meneja. Akamgeukia Mma Sebetlela, aliyekuwa amekunja mikono kifuani na kuinua kidevu.

"Nimfukuze kazi ipi, rra? Alistaafu mwaka juzi. Tulimuaga humu humu ndani, tukamkatia na keki."

"Ilikuwa kavu," alisema Mma Sebetlela, akageuka kurudi kwenye dawati lake.